Kumuaga Yaya Bisimwa, Pamoja na Askari Wafaransa wa Kabatini

Mheshimiwa Mchungaji wetu, na Mama Mchungaji. Mzee Lemayian, mwenyekiti wa jumuiya yetu hapa Lewisville, uliyekubali kukaa mbele ingawa ulitaka kiti cha karibu na kiyoyozi. Sajini Sheldon, mgeni wetu, ambaye huelewi neno hata moja la hotuba hii na bado unatikisa kichwa kwa adabu. Tante Annonciata, shangazi yetu, uliyeendesha gari tangu Missouri City na kufika kabla ya sisi majirani. Akina papa, akina mama, vijana wenzangu, ndugu waalikwa nyote: Bwana asifiwe, na shikamooni.

Mimi ni Jessica, mdogo wake Bisimwa, kaka yangu mkubwa, ambaye kwa Kiswahili cha kwetu namwita Yaya. Nimeombwa niseme maneno ya kumuaga kwa sababu nilisoma Kiswahili katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kabla sijaanza Kiingereza hapa, na kaka Shalom, mshereheshaji wetu, anaamini kwamba anayeandika vizuri huongea vizuri pia. Mtajionea wenyewe.

Naomba nianze na jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata wewe Yaya, uliyelala nami chumba kimoja miaka yote ya ile nyumba ya kwanza. Ndani ya kabati langu la nguo, nyuma ya koti la baridi ambalo Texas hainipi nafasi ya kulivaa, kuna askari wa Kifaransa. Ni wengi. Kila mmoja ana urefu wa kidole changu cha kati. Ni wa plastiki, huja wakiwa rangi ya majivu matupu, na mimi huwapaka rangi mmoja mmoja, kwa brashi nyembamba na kioo cha kukuza. Mara nyingi mlipogonga mlango mkajibiwa “nafanya homework,” nilikuwa natia rangi vifungo vya koti la mtu wa mwaka 1914.

Wanaotujua wanajua kwa nini niliwaficha. Nyumbani kwa mama yetu, Clothilde, askari haingii, hata wa plastiki. Yaya alipokuwa mdogo alirudi na bunduki ya maji kutoka sherehe ya kuzaliwa ya jirani. Mama aliishika kwa vidole viwili kama anayebeba panya mfu, akaipeleka kwenye pipa la taka la jengo la pili, ili isilale hata katika taka zetu. Kwa hiyo leo naomba niseme wazi mbele ya kanisa: Mama alipokuwa akimchunga Yaya asije akaleta jeshi nyumbani, jeshi lilikuwa chumbani kwangu.

Nimepata ujasiri wa kusema hivi kwa sababu Mama yuko jikoni, humuhumu kanisani. Tangu Sajini aingie na sare zake, amehamia kule na sufuria zake, na mlango ameufunga.

Ndugu waalikwa, wengi wenu mnajua kwamba Yaya anaondoka Jumatatu. Jinsi habari yenyewe ilivyotufikia, hamjui. Aliileta mezani, bado amevaa fulana ya lile ghala la Irving karibu na uwanja wa ndege. Mama alikuwa anapakua wali.

“Mama, nime-sign.”

“Ume-sign nini?”

“Jeshi. Lakini nitakuwa fundi wa magari, Mama, nitatengeneza tu.”

“Gari ya askari inaenda wapi?”

“Mama?”

“Nauliza. Ukishaitengeneza, inaenda wapi? Inaenda ku batu.”

Ku batu, yaani kwa watu. Kisha akaurudisha mwiko ndani ya sufuria, akaiweka sahani ya Yaya mbele yake ikiwa tupu, akasema, “Pakua mwenyewe. Askari sipikii, na sipakulii.”

Mzee Lemayian, kwenu labda ni tofauti, lakini kwetu mama ndiye hupakua. Papa, mpaka alipofariki kule kambini, hakuwahi kunyoosha mkono kwenye sufuria. Sahani yako hutoka mikononi mwa mama, na kwa kipande cha nyama ulichowekewa unajua leo wewe na yeye mmekaaje. Mtoto wa mkimbizi hukosa mengi, ila hakosi kupakuliwa. Tangu siku ile Mama amepika kama kawaida. Amenipakulia mimi, amempakulia hata Shalom alipokuja kuazima chaja, na sahani ya Yaya imekaa tupu mpaka aichukue mwenyewe aende jikoni. Hawagombani. Wanasalimiana, Mama humuuliza kama shati limekauka, Yaya humtolea taka nje. Ni sahani tu. Lakini mimi nakaa naye meza moja, na nasema kile ambacho yeye hatakisema: mtu huyu mrefu mliyekuja kumuaga anangoja kijiko kimoja cha wali, na siku zimemwishia.

Tante Annonciata, wewe ulijaribu. Niliwasikia, maana Mama huongea na simu kwa sauti ya nje. Ulisema, “Clothilde, Amerika si kule kwetu Walungu. Askari wa huku wanalishwa na serikali.” Mama akakujibu, “Na wale wetu walikuwa wa serikali.” Ukamuuliza habari za goti lake.

Sasa mtaniuliza, na mna haki ya kuuliza: msichana wa Kivu aliyekulia Lewisville ana shughuli gani na Wafaransa wa zamani? Jibu langu ni fupi. Sipendi vita. Napenda vitu. Mtu anaweza kudanganya katika hotuba, na mimi mwenyewe nitajitahidi nisifanye hivyo, lakini shanta la askari, mfuko wake wa mgongoni, halidanganyi. Ulifungue, utaona aliyelitoa alifikiri nini, na aliyelibeba alijua nini. Na wale Wafaransa walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kupelekwa vitani na mbinu za babu zao wakakuta mashine inawangoja. Kila kitu walichovaa kimeandikwa kosa la mtu fulani. Wamo pia Waafrika waliovalishwa koti lilelile. Hao niliwapaka kwanza, kwa sababu rangi ya ngozi niliijua bila kutazama kitabu.

Chukueni suruali. Mwaka 1914 askari wa Ufaransa aliingia katika vita vya rashasha akiwa amevaa suruali nyekundu. Si nyekundu ya matofali; nyekundu ya nyanya. Je, hakuna aliyeona hatari? Waliona. Miaka kadhaa kabla yake watu walipendekeza ibadilishwe, akasimama mheshimiwa mmoja akasema suruali nyekundu ndiyo Ufaransa yenyewe. Akashangiliwa. Waliomshangilia hawakuwa wa kuivaa. Na dawa ya kutia rangi hiyo nyekundu, rangi iliyokuwa Ufaransa yenyewe, ilitoka katika viwanda vya Ujerumani, yaani kwa adui. Kitambaa kipya kilikusudiwa kuchanganya nyuzi nyekundu, nyeupe na bluu. Vita vikaanza, nyekundu ikakosekana, kikabaki bluu iliyofifia, kama anga ya hapa mwezi wa nane. Vitabu huisifu sana bluu hiyo, kana kwamba kuna mtu aliyeichagua kwa busara.

Sijasema haya ili kuwacheka. Nimeyasema kwa sababu ya sanduku.

Akina mama, hili sanduku lililofungwa utepe hapa mbele mmelipanga kwa upendo, na Yaya ameniomba niwaambie jambo ambalo limemshinda kuwaambia yeye mwenyewe. Hatakwenda nalo. Sajini, aliyemwandikisha, alishamweleza: mfuko mmoja mdogo, na hata nguo atakazofika nazo zitawekwa kando. Naona mnamtazama Sajini. Sajini anatabasamu. Hajui.

Nilikuwepo siku mliyolipanga, nikishika mizani. Mlilipanga kama sanduku la mtoto anayekwenda internat, shule ya bweni. Sabuni za kufulia, mafuta ya kupaka, sombe ya majani ya muhogo iliyokaushwa, ndagala, yaani dagaa, unga wa muhogo, kandambili, sufuria ndogo yenye mfuniko, na Biblia, na Biblia nyingine. Ilipofika zamu ya blanketi, mmoja wenu, simtaji, alisema, “Jeshi la Amerika haliwezi kukosa blanketi.” Mwingine akamjibu, “Hivyo ndivyo mlivyoniambia juu ya shule ya mapadri, mwanangu akarudi na nimonia.” Blanketi likaingia. Yaya alikuwa amesimama mlangoni akiangalia. Akasema “asante sana, wamama,” akaenda kukaa ndani ya gari.

Msisikitike. Hamko peke yenu. Shanta la yule Mfaransa wa 1914 lilikuwa sanduku hilihili, ila lilibebwa mgongoni. Blanketi, viatu vya akiba, risasi, mkate mkavu, kuni akizipata. Uzito wote pamoja na bunduki ulizidi ule wa sanduku linaloruhusiwa kwenye ndege, na alitembea nalo kutwa nzima juani. Lakini kuna kitu ndani ya mzigo ule ambacho nimekitia rangi kwa uangalifu kuliko bunduki. Vyombo vya kupikia viligawanywa. Katika kikosi kidogo, mmoja alibeba sufuria, mwenzake alibeba ndoo ya turubai, mwingine alifunga juu ya shanta mashine ya kusagia kahawa. Yule wa sufuria hakuwa na kahawa, yule wa kahawa hakuwa na sufuria. Mmoja akianguka, hesabu ya wafu haikuwa ya kwanza kujulikana; kilichojulikana kwanza ni kwamba jioni ile hapakuwa na chombo cha kuchemshia maji.

Shanta hilo nililipaka rangi nikiwa sijui kama nafanya hisabati au maombolezo. Mpaka leo sijui.

Chukueni na kofia. Walipoanza vita hawakuwa na kofia ya chuma hata moja; walikuwa na kofia za kitambaa. Vipande vya mizinga viliwapata kichwani. Inasimuliwa kwamba ofisa mmoja wa vifaa alimtembelea majeruhi hospitalini, akamuuliza amepona vipi. Majeruhi akasema alikuwa ameweka bakuli lake la bati, bakuli la kulia chakula, chini ya kofia. Ofisa akarudi ofisini na wazo hilo. Kwanza wakatengeneza vikombe vya chuma vya kuvaa ndani ya kofia, na askari walipovipata, wengi walivigeuza wakavitumia kwa kupikia na kunyolea ndevu. Baadaye mwaka 1915 ikaja kofia kamili ya chuma, ile yenye ukingo mwembamba utosini. Haikuzuia risasi. Ilizuia vipande vidogo, na hiyo ilitosha kuwarudisha wengi kwao. Wahandisi wote wa Ufaransa, ndugu waalikwa, na aliyeanza ni mtu aliyevaa bakuli lake.

Mtaniuliza Yaya anaingiaje hapa. Yaya anaingilia kwenye kifaru.

Vifaru vya kwanza vya Wafaransa vilikuwa vikubwa na vibaya. Kimoja pua yake ilitangulia mbali mbele ya minyororo, kikifika kwenye handaki kinachomeka pua na kukaa hapo kama ng'ombe aliyekwama. Kingine kilibeba mafuta mahali ambapo kombora lingeyafikia mapema, na watu waliungua humo. Ndipo kikaja kifaru kidogo cha watu wawili. Dereva amekaa chini mbele. Mkubwa wake amesimama nyuma yake, kichwa ndani ya kuba, miguu karibu na mabega ya dereva. Ndani kelele ni nyingi, hakuna redio, hakuna anayesikia. Waliongeaje? Kwa mateke. Teke la mgongoni, nenda. Teke la bega la kulia, kata kulia. La kichwani, simama.

Mwaka huu Yaya alinifundisha kuendesha gari, hapahapa kwenye maegesho ya kanisa. Mimi mtu akinipandishia sauti naganda. Siku ya kwanza aliniambia, “Jess, brake. Brake, Jess. Jess.” Tukapanda ukingo wa bustani ya Mama Mchungaji, samahani Mama. Yaya akazima gari, akasema, “Basi tufanyeje? Siwezi ku-drive kwa niaba yako.” Nikamwambia, usiseme kitu, kaa nyuma yangu, uniguse. Bega la kulia, nakata kulia. Bega la kushoto, kushoto.

“Na kusimama?”

“Nigonge kichwani.”

“Nani amekufundisha upuuzi huu?”

Nikasema nimeona YouTube. Haikuwa YouTube. Yaya, majuma yale yote ulikuwa kamanda wa kifaru cha Kifaransa cha mwaka 1918, na hukujua. Ulinigonga kichwani kwa kidole kimoja, polepole, kana kwamba unabisha hodi kwa mgonjwa. Nilifaulu mtihani. Yule mtahini alishangaa kwa nini nilikuwa naangalia bega langu.

Hiyo ndiyo sifa ninayoweza kumpa kaka yangu bila kutia chumvi. Wapo watu wanaopenda kuamrisha, na wapo wanaojua ni uzito gani wa kugonga kichwa cha mtu. Jeshi litampa vifaa vingine vyote.

Samahanini.

Nasikia nyayo. Hizo ni kandambili za Mama, nazijua. Zinakuja mlangoni.

Ndugu waalikwa, naomba niwe mkweli kwenu. Ukurasa wa mwisho wa hotuba hii niliuweka chini ya Biblia ya Mchungaji, hapa mimbarini. Nilipanga kuusoma Mama akiwa mbali, na mlango ukifunguka, niruke niende kwenye shukrani. Wiki nzima nimeuandika nikiuficha: chini ya mto, chini ya meza, ndani ya daftari la kemia. Sasa nyayo zimesimama, mlango haujafunguka. Yupo hapo nyuma ya mlango.

Ukurasa huu hapa. Sitauficha tena.

Mama, kama unasikia: ni habari yako, uliyoniambia ulipokuwa unanisuka nywele. Ni yako, si yangu. Ukisema niache, nitaikunja na kwenda moja kwa moja kwa Mzee Lemayian na shukrani.

Amefungua mlango. Amesema, “Soma.” Mliokaa nyuma, kama hamkusikia, amesema nisome.

Mama alisema hivi. “Walikuja kwetu Walungu wakati wa kupalilia maharage. Hawakupiga mtu. Waliegemeza bunduki ukutani, wakasema, mama, pika. Nikapika. Wakala wao kwanza, sisi tukakwangua sufuria. Kesho yake tena. Mpaka ghala ikawa tupu wakaenda kwa jirani. Mmoja alikuwa kijana mdogo, kofia imemzidi kichwa, kiatu hiki si cha kile. Nyuso za wengine nimezisahau. Huyo sijamsahau, kwa sababu kila nikimpakulia alikuwa anasema, asante, mama. Kumbe alikuwa mtoto aliyelelewa. Yuko mwanamke mahali aliyemfundisha kusema asante, na bado akaja kula chakula cha watoto wangu.”

Halafu alisema, na hapo aliacha kunisuka: “Watu wanafikiri naogopa risasi. Risasi Mungu anajua. Mi naogopa ile siku mtoto niliyemfundisha asante atasimama na njaa na bunduki mlangoni kwa mtu.”

Mama, nimekusikia. Nina vitu tu. Nimesema Wafaransa wangu walibeba sufuria zao, na ningeweza kuishia hapo, maana inapendeza. Lakini vitabu vilevile vinasema kwamba kila kikosi kilipopita kijijini, kuku wa wakulima walipungua. Walikuwa na sufuria, na kuku walipungua. Nimepaka rangi mikanda yao, chupa zao za maji, kofia zao, majembe yao. Sikukuta popote kifaa cha kumzuia askari asigonge mlango wa mtu. Hakikutolewa. Kama wapo waliokuwa nacho, walitoka nacho kwao, na sijui kinawekwaje ndani ya mtoto. Ninyi mliozaa mnajua. Mimi ninachojua ni kwamba Yaya akitoka Jumatatu bila wewe kumpakulia, atatoka akiwa na kimoja pungufu.

Mwisho wa ukurasa.

Sasa, ndugu waalikwa, nina ombi. Mama amepita katikati ya viti na sufuria zake. Tafadhali, msigeuke. Tante, na wewe pia. Naomba mniangalie mimi. Najua hakuna cha kuangalia. Nimesuka nywele, nimevaa gauni la Pasaka. Niangalieni hivyohivyo. Mimi niko huku juu, naona kila kitu, na nitawaambia.

Nitaendelea na makoti. Koti la yule askari lilikuwa refu mpaka magotini, na matope ya mahandaki yakishika pindo, koti linakuwa zito kuliko shanta. Askari wakachukua visu wakakata mapindo yao wenyewe. Wakubwa wakakasirika: mali ya serikali. Waliokata wakaendelea kukata.

Amefika mezani, huko nyuma yenu, alipokaa Yaya. Amechukua sahani kutoka kwenye rundo. Ameirudisha. Amechukua ile iliyo mbele ya Yaya.

Vifungo vya koti vilikuwa vya shaba mwanzoni, vinang'aa. Baadaye walivipaka rangi ili visionekane. Ni kazi ngumu kupaka kifungo. Brashi inataka mkono uliotulia.

Amefunua sufuria. Wali. Maharage. Amechagua nyama. Amerudisha aliyoichagua, amechukua nyingine.

Shalom, hata wewe. Macho huku.

Ameiweka mbele yake kwa mikono miwili. Anasema naye, na mtasikia hata bila kugeuka:

“Kula ushibe. Usiende kugonga ku mulango ya batu.”

Yaya amefungua mdomo amshukuru, na Mama amemkataza kwa mkono.

“Asante wacha. Kula.”

Anakula.

Mama amefunika sufuria. Sajini Sheldon, mgeni wetu mheshimiwa, sahani ziko pale na mwiko uko pale. Nawe utajipakulia, maana mambo mengine hayaendi yote kwa siku moja. Kaka Shalom atakueleza kwa Kiingereza. Akina mama wa sanduku, tutaonana Jumapili tugawane blanketi na ndagala. Mchungaji, Mama Mchungaji, Mzee Lemayian, Tante Annonciata, nawashukuru kwa kuja, kwa kukaa, na kwa kunisikiliza mpaka hapa, na kwa dakika hizi chache mlizoniangalia, jambo ambalo sikuwahi kumwomba mtu maishani mwangu. Asanteni.

Sasa mnaweza kugeuka.